Mwanamume wa kwenye picha simjui hata jina

Yaya,

Ninakuandikia, dada mkubwa unayetushauri, kutoka mtaa wa Kenya, hapahapa Lubumbashi. Ninauza viatu na mikoba ya akina mama. Siku hizi mali naitoa Guangzhou na Dubai. Zamani, mtaji ulipokuwa mdogo, nilikuwa naenda Johannesburg kwa basi, mpaka wa Kasumbalesa, Zambia yote, mpaka miguu inavimba. Nina bwana, mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari, na watoto wanne. Nayasema haya mapema usije ukadhani ni msichana anayekuandikia.

Jambo lenyewe litakuchekesha. Ninapanda rolakosta, zile treni za kupanda mlima wa chuma na kuporomoka, ambazo huku wengi tunaziita kwa Kifaransa montagnes russes. Tena naziweka akiba. Kila mpya ninayoipanda naiandika katika daftari: jina, mji, tarehe, kiti nilichokalia. Wako watu dunia nzima wenye ugonjwa huu, tunaandikiana kwenye simu. Sheria yao ni moja: reli ileile ukiipanda hata kutwa nzima, inahesabiwa mara moja tu. Mimi nakaribia hamsini.

Ilianzia Gold Reef City, Johannesburg, bustani ya burudani iliyojengwa penye mgodi wa zamani wa dhahabu. Mdogo wangu anayeishi kule alinipeleka Jumapili moja nipumzike na masoko. Akanipandisha Anaconda, ambayo reli yake iko juu ya kichwa na miguu inaning'inia hewani. Niliposhuka natetemeka nikamwambia turudi kwenye foleni. Halafu Golden Loop. Halafu Tower of Terror. Pale kigari kinapandishwa mnarani, kinasogezwa hadi ukingoni, kisha kinadondoka wima mpaka ndani ya shimo la mgodi. Yaya, nkambo wangu, babu yangu, alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya migodi ya Union Minière, alikuwa akiteremka chini ya ardhi kule Kipushi ili alipwe. Mjukuu wake nimetoa pesa yangu mwenyewe niteremshwe! Nilicheka hadi jirani yangu akauliza kama niko sawa.

Baadaye biashara ikanipeleka Dubai, na kutoka Dubai hadi Abu Dhabi ni mwendo wa basi tu. Kule kuna Formula Rossa, iliyofunguliwa mwaka 2010. Inakurusha kutoka kusimama mpaka kilomita 240 kwa saa katika muda wa kusema Baba Yetu uliye mbinguni, na kabla ya kuondoka wanakuvalisha miwani ili mchanga na wadudu wasikupofushe. Nywele zangu za kubandika nilizivua nikazifungia kabatini, nikapanda na kichwa changu cha Mungu. Siwezi kukueleza, Yaya. Kule juu hakuna anayeniita mama, hakuna mteja anayesema punguza kidogo, hakuna wakala wa kargo. Kuna mimi na tumbo langu.

Machungu nayo yapo, na mengi ni ya kipuuzi. Nimewahi kusafiri kwa treni nusu siku kwenda kwenye bustani moja, nikakuta reli niliyoifuata imefungwa kwa matengenezo, na tiketi hairudishwi. Cape Town kulikuwa na Cobra pale Ratanga Junction. Nikajiambia mwakani, mwakani, na 2018 wakafunga bustani nzima. Kingda Ka ya New Jersey, Marekani, mita 139 kwenda juu, ilikuwa ndefu kwa kimo kuliko zote duniani tangu 2005. Visa ya Marekani sijawahi hata kuiomba, lakini nilikuwa na ndoto. Tarehe 28 Februari 2025 wakaiangusha kwa baruti. Nilitazama video nikalia, bwana yangu akatoka chumbani mbio: "Nani amekufa?" Nikamwambia ni mchezo wa kuigiza.

Maana hajui, Yaya. Sijawahi kumwambia. Mwanzo niliona ni upuuzi wa siku moja, baadaye nikaona nimechelewa. Mama mkwe wangu yuko kwenye lupango letu, yaani uwanja wa nyumba yetu, na akina mama wa kanisa wanaingia na kutoka. Nilipojaribu kugusia kwamba watu wanapanda vitu hivyo, wakasema ni kumjaribu Mungu.

Sasa mwezi uliopita bwana alikuwa akitafuta ankara ya mzigo katika sanduku langu akakuta picha. Ni ya Chimelong, bustani ya burudani ya Guangzhou, ile wanayokupiga kwenye mteremko na kukuuzia mlangoni. Mimi nimefumba macho, mdomo wazi, nimemshika mkono mwanamume wa kando yangu. Mchina, kijana, naye anapiga kelele. Mwanamume huyo simjui hata jina. Aliketishwa pale na mfanyakazi wa bustani. Bwana yangu hakugomba. Aliiweka picha juu ya meza, akaenda kusahihisha mitihani. Tangu hapo ananijibu kwa neno moja moja. Nilipomweleza ni treni ya mchezo akauliza kitu kimoja tu: "Na umeme ukikatika mkiwa juu?" Sikuwa na jibu, akaona nadanganya.

Nifanyeje? Niache kabla ya kufika hamsini? Safari ya Guangzhou iko karibu, na zimebaki chache sana. Tena nikuulize, unijibu bila kunionea aibu: kile kigari cha watoto chenye umbo la kiwavi, kinachopita ndani ya tofaa kubwa, kinahesabiwa? Wenzangu wanabishana. Mara ya mwisho walinikataza kupanda bila mtoto, nikaazima mtoto wa mama mmoja kwenye foleni. Afya yangu ni nzuri, ukiacha dawa za presha ninazomeza tangu mwaka jana.

Mfanyabiashara wa Kenya

—

Mdogo wangu,

Tuanze na huyo kijana wa Guangzhou, maana kwa sasa ndiye anayelala katikati ya kitanda chenu.

Kigari kikiondoka na kiti kitupu, foleni inazidi kurefuka na wateja wananung'unika. Kwa hiyo mfanyakazi wa mlangoni anatafuta mtu aliyekuja peke yake amjaze pale. Bustani nyingi kubwa zimewawekea hata foleni yao. Nawe, kwa kuwa unapanda kwa siri, daima umekuja peke yako, na daima utakaa kando ya mtu usiyemjua. Kamera nayo imefungwa mahali pa kutisha kuliko pote na inajipigia yenyewe. Kuhusu mkono, sioni cha kuombea radhi: kwenye mteremko kama ule mtu hushika chochote kilicho karibu, ungeshika hata mkono wa afisa wa forodha wa Kasumbalesa.

Hayo yote ni rahisi kuyaeleza na bwana yako, mtu wa akili, atayaelewa kwa dakika tano. Kinachomfunga mdomo ni kikubwa zaidi. Ameona uso wa mkewe ukiwa na furaha ambayo hajawahi kuiona, katika mji asioujua, na ameambiwa kwamba siku ile ulilia kwa sababu ya mchezo wa kuigiza. Mahali pake hata mimi ningeenda kusahihisha mitihani.

Basi usianzie kwenye picha. Picha inakuweka kizimbani na kila neno litasikika kama utetezi. Leta daftari. Chagua jioni ambayo mama mkwe amelala, mkae wawili, ulifungue ukurasa wa kwanza umsomee, ukianzia Johannesburg na nkambo wako. Tarehe unazo, weka kando yake ankara za mzigo, aone kila rolakosta imekaa ndani ya safari gani ya biashara, kati ya siku ya kulipia mali na siku ya kufunga kontena. Ukifika ukurasa wa Guangzhou, picha itajieleza. Mwambie na ya Kingda Ka. Atacheka, au atakasirika kwamba alidanganywa kwa ajili ya chuma cha New Jersey. Vyovyote vile atakujibu kwa maneno zaidi ya moja.

Na swali lake la umeme limenipendeza sana. Mtu aliyekata tamaa na mkewe haulizi habari za umeme. Hilo ni swali la mwalimu wa fizikia aliyeanza kuipiga hesabu hiyo treni kichwani, nawe ukamwacha na kimya. Mpe jibu. Kwenye rolakosta ya kawaida umeme unahitajika kukuvuta hadi kileleni. Ile sauti ya ka-ka-ka unayoisikia wakati wa kupanda ni meno ya chuma chini ya kigari yakiruka juu ya ngazi za reli: mnyororo ukisimama, meno yananasa, na kigari hakirudi nyuma. Ukishavuka kilele, kinachokupeleka ni uzito wako mwenyewe. Mwishoni, rolakosta nyingi za sasa zinatumia breki za sumaku za kudumu. Bamba la shaba au alumini linapita kati ya sumaku, mkondo wa umeme unazaliwa ndani ya bamba, na mkondo huo unaupinga mwendo. Hazihitaji waya wala jenereta. Umeme ukikatika kama tunavyouzoea mjini hapa, kigari kinapungua mwendo vilevile, na walio kwenye kilima wataketi pale wakingoja kuteremshwa kwa ngazi.

Lakini usimwambie kwamba hakuna hatari, maana atasoma na kugundua. Tarehe 2 Juni 2015 kule bustani ya Alton Towers, Uingereza, rolakosta iitwayo Smiler, yenye kupinduka mara 14, iligonga kigari kitupu cha majaribio kilichokuwa kimesimama relini. Kompyuta ilikuwa imezuia njia kama ilivyotakiwa. Mafundi wakadhani imekosea, wakaiamuru iachie. Wasichana wawili walikatwa mguu mmoja kila mmoja. Nakutajia hilo ili ujue kwamba ukikuta reli imefungwa kwa matengenezo, na tiketi hairudishwi, ile hasira yako imeze.

Mama wa kanisa wanaopanda pikipiki bila kofia kutoka Kenya hadi Ruashi, tena watatu nyuma ya dereva mmoja, hao sitawajibu.

Nikirudi kwa bwana yako, kuna jambo ambalo wewe umelikalia na hulioni. Umeolewa na mwalimu wa fizikia! Katika wanaume wote wa Lubumbashi, ndiye mwenye haki ya kwanza kusikia habari hizi. Muulize kwa nini kile kitanzi cha kupinduka hakina umbo la duara kamili. Coney Island, New York, mwaka 1895 walijenga kitanzi cha duara, Flip Flap Railway, na watu walikuwa wakishuka wameshika shingo, kwa sababu duara linakubamiza ghafla unapoingia chini yake. Ikapita miaka mingi kabla ya kitanzi kurudi kwa usalama. Ilikuwa 1976, Magic Mountain, California, kwenye rolakosta iliyoitwa Revolution: mhandisi Mjerumani Werner Stengel alikichora kama tone la maji, chini pana, juu pembamba, ili uzito ukuingie kidogo kidogo. Mpe karatasi achore mwenyewe. Mwalimu akishachora, ameingia.

Nawe kitanzi cha namna hiyo umekipanda bila kujua historia yake. Golden Loop ya Gold Reef City ilitoka kiwanda kilekile cha Schwarzkopf kilichojenga Revolution. Ilianza kazi mwaka 1977 huko Carowinds, Marekani, ikiitwa White Lightnin', na ilipoondolewa kule ikavushwa bahari hadi Johannesburg. Kwa hiyo ukikutana na mkusanyaji Mmarekani aliyeipanda ujanani kwao, mwambie kwa upole kwamba akija Johannesburg haongezi kitu. Chuma ni kilekile. Inarushwa, inapita kitanzini, inapanda mkia wa reli, kisha inarudi kinyumenyume, lakini kwenye daftari inabaki moja.

Sasa hesabu yako. Hakuna serikali ya jambo hili. Chama cha wapenzi wa rolakosta cha Marekani kipo tangu 1978, na orodha kubwa ya mtandaoni ya rolakosta za dunia ilianza 1996, lakini hakuna atakayekuja kukagua daftari la mtu wa Kenya. Mimi nasema hivi: kiwavi kinahesabiwa. Kina reli, kina magurudumu, kinashuka kwa uzito wake. Kile kinachosukumwa na mota mzunguko mzima, hata kikiwa kirefu na kizuri, hicho ningekiandika ukurasa wa nyuma. Cobra hukuipanda, Kingda Ka hukuipanda, ziache. Ila uliyoipanda ikabomolewa inabaki yako hadi kufa.

Mtoto wa kuazima, hapana. Hesabu yako ni halali, sibishi, kinachonisumbua ni ile picha ya mama wa watoto wanne akitafuta mtoto wa mwenzake kwenye foleni ya kiwavi ili afike hamsini. Soma tena barua yako. Tower of Terror umeiandikia aya nzima, Formula Rossa nayo imekukosesha maneno. Hivyo vidogo vya kujazia namba hukuvitaja hata kimoja kwa jina. Ninashuku kwamba karibu nusu ya daftari imejaa vitu usivyovikumbuka. Mkusanyaji akifikia hapo anakuwa karani. Ningependa uache kukimbilia hamsini kabisa, na siku utakayokuwa Guangzhou uende Chimelong, upande ile yenye kupinduka mara kumi kwa kadiri tumbo linavyotaka, hata kama haikuongezei chochote.

Ikiwa tumbo litaruhusiwa. Kuna mstari umeupitisha haraka mwishoni mwa barua, na ndio ulionitoa usingizi, sio Mchina. Unameza dawa za presha. Mdogo wangu, ule ubao wa onyo mlangoni, ambao wote tunaupita tukitazama simu, unakutaja wewe. Watafiti wa Ujerumani waliwahi kuwafunga watu vipimo vya moyo wakawapandisha rolakosta: mapigo yao yalipanda kutoka wastani wa 91 hadi 153 kwa dakika. Hao walikuwa wazima wanaopimwa na madaktari. Tower of Terror inatajwa kukukandamiza kwa nguvu ya zaidi ya mara sita ya uzito wako, hata kama ni kwa kufumba na kufumbua. Nenda kwa daktari aliyekuandikia dawa, umweleze kwa jina kile unachopanda, kasi yake na kudondoka kwake, usimwambie "michezo ya watoto". Akisema hapana, hapana hiyo ni ya reli kubwa zote, na safari hii utakaa benchi na kushika mikoba ya wengine. Akisema ndiyo, rudi kwake na bwana yako asikie kwa masikio yake. Kabla ya jibu hilo usipande chochote, hata kiwavi.

Pesa hukuniuliza lakini nitaingia. Tiketi zitoke kwenye faida yako, bahasha yake peke yake, ijulikane. Zisitoke kwenye mtaji wala kwenye likelemba, ule upatu wa kupeana pesa kwa zamu. Zamu yako ya likelemba ni jasho la wenzako pia.

Na daktari akikukubalia, safari ya kwanza isiwe Guangzhou. Subiri likizo, mchukue bwana yako mwende Johannesburg, basi lilelile lililokuvimbisha miguu, kwa mdogo wako pako pa kulala. Ulizeni kabla kama Golden Loop inafanya kazi wiki hiyo, maana mashine za umri ule hupumzishwa mara kwa mara. Mwache kwanza asimame chini akitazame kitanzi, alinganishe na mchoro wake, akutolee somo, mvumilie. Halafu mpande. Mkalishe katikati ya treni: mbele kabisa ataona kila kitu kinavyomjia, na nyuma kabisa ndiko watu wanakotupwa vibaya zaidi wakati wa kuvuka kilele. Kaa kushoto kwake, ikiwa anaandika kwa mkono wa kulia, asije akashindwa kusahihisha mitihani. Mkono utakaoushika utavunjika vidole. Kwenye Tower of Terror msimpeleke siku hiyo.

Yaya